Nyumba Moja, Kura Ngapi?

Hebu niambie, wewe unayesoma: ndege wa kweleakwelea wakishuka shambani kwenu asubuhi, huwa wanauliza kwanza kama mpunga ni wa baba au wa mama?

Hawaulizi. Wanakula tu. Ndiyo maana huku bonde la Kilombero, mpunga ukianza kukomaa, watu huhamia dunguni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, katikati ya shamba. Ukikaa juu yake unaona mpunga wote mpaka kule mwisho.

Dungu la Agnella lilikuwa upande wa Michenga. Mumewe, Vitus, alilijenga vizuri na kuliezeka nyasi. Kutoka dunguni zilitambaa kamba kwenda kila pembe ya shamba. Kila kamba ilifungwa makopo matupu na vipande vya bati. Agnella akivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka kama moshi. Binti yake wa mwisho, Yosefina, alisimama upande wa mtoni na kombeo lake, akirusha madonge ya udongo.

Ndege wana saa zao. Asubuhi wana njaa kali. Jioni wana njaa tena. Mchana, jua likiwaka, wanajificha vichakani kupumzika. Hapo ndipo Agnella alipopata nafasi ya kula ugali wake na kambale wa kukausha.

Lakini mikutano ya kitongoji ilikuwa saa tatu asubuhi. Basi kila nyumba ilituma mtu mmoja, naye alikuwa baba. Wengine walibaki na ndege.

"Baba Nazari," Agnella alimwambia mumewe kila alipopanda baiskeli, "waambie mikutano iwe mchana, na sisi tuje."

"Nitawaambia."

Vitus akirudi, Agnella humuuliza, "Umewaambia?"

"Loo! Mambo yalikuwa mengi, mama. Nimesahau."

"Unasahau ya kwangu tu. Mabao ya Simba na Yanga husahau?"

Vitus hucheka, akaomba maji ya kunywa. Agnella naye hucheka. Lakini moyoni neno lile lilimkaa kama mwiba. Alitaka sana kwenda kulisema mwenyewe.

Mwaka huo mwenyekiti wa kitongoji alihamia Mlimba kwa watoto wake. Ukatangazwa uchaguzi mdogo. Asubuhi moja Vitus alikuja shambani amevaa shati la kanisani.

"Nakwenda kujiandikisha," alisema. "Nitapiga kura ya nyumba yetu."

"Na sisi?" Agnella aliuliza kutoka juu. "Kura ya rais si tulipiga wote?"

"Ile ni ya nchi nzima. Hii ni ya kitongoji, ni kama mkutano. Nyumba moja, mtu mmoja. Halafu nasikia hii ni ya kusoma majina, na wewe hujui kusoma."

Agnella alivuta kamba kwa nguvu mpaka kopo moja likachomoka.

Wakati huo pikipiki ilisimama kwenye tuta. Alikuwa Kandida, mtendaji wa kijiji. Alivua kofia ngumu, akafuta vumbi usoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini kaa mbali na kombeo la huyo mtoto!" Agnella alijibu.

Kandida alicheka. "Napita kuwakumbusha kujiandikisha. Mwisho ni Jumapili. Hapa mko wangapi?"

"Mmoja," Vitus alijibu haraka. "Mimi hapa."

Kandida alimtazama Agnella juu ya dungu, akamtazama Yosefina mtoni.

"Hao wawili ni vinyago vya kutishia ndege?"

Yosefina alicheka mpaka akaangusha kombeo.

"Mtendaji, shamba ni langu," Vitus alisema.

"Baba, kura haipewi shamba. Inapewa mtu. Awe raia wa Tanzania, mwenye akili timamu, ametimiza miaka kumi na minane, anaishi kitongoji hiki, na amejiandikisha. Hakuna anayeulizwa ana ekari ngapi. Hakuna anayeulizwa kama ni mume au mke."

"Na Yosefina? Juzi tu nilikuwa nambeba mgongoni!"

"Baba, nina miaka kumi na tisa," Yosefina alisema. "Ukinibeba sasa utavunjika."

"Basi nitamwita na Nazari wangu aje. Yuko Ifakara mjini, anaendesha bodaboda."

"Huyo atapiga kura kule anakoishi," Kandida alisema. "Kisima cha huku kikikauka, Nazari hatajua. Mama atajua, maana ndiye anayebeba ndoo. Anayeishi na uamuzi ndiye anayestahili kuamua. Ndiyo maana kila mtu ana kura yake."

Agnella aliteremka dunguni taratibu, ngazi kwa ngazi.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma."

"Hiyo haikunyimi kura, mama. Utakwenda na mtu unayemwamini, akusaidie kuweka alama. Huyo hatakiwi kumwambia mtu yeyote umemchagua nani."

"Basi nitamsaidia mimi," Vitus alisema, akinyoosha shati.

"Anayechagua wa kumsaidia ni mwenyewe, baba."

Agnella alimtazama mumewe. Akatabasamu.

"Wewe unasahau sana, Baba Nazari. Nitakwenda na Yosefina."

Hata Vitus alicheka, akajikuna kichwa. "Sasa ndege tutamwachia nani?"

"Wewe kwanza," Agnella alisema. "Sisi tukirudi, unakwenda wewe."

Walijiandikisha hivyo, kwa zamu. Siku ya kura pia ilikuwa hivyo. Alfajiri Agnella na Yosefina walivaa vitenge vyao vizuri, wakaenda. Vitus alibaki dunguni anavuta kamba na kupiga kelele: "Hoo! Tokaaa!" Majirani walimpigia makofi. "Mzee Vitus leo kawa kinyago cha kutishia ndege!" Naye aliwarudishia, "Njooni mjaribu, sauti imeshakauka!" Nyumba nyingi zikamwiga. Foleni ya wanawake ikawa ndefu kuliko ya wanaume, na vicheko vikawa vingi kama sikukuu.

Alichaguliwa Fransisko, mvuvi. Aliitisha mkutano wa kuwashukuru watu. Vitus akabaki na ndege bila kuambiwa.

"Nani ana neno?" Fransisko aliuliza.

Wanaume wawili walisema habari za barabara. Kisha Agnella alisimama. Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Mwenyekiti, nimekupa kura yangu au sijakupa, hiyo ni siri yangu." Watu wakacheka. "Lakini neno langu nimelituma hapa miaka mingi, likawa linapotea njiani."

"Leo umelileta mwenyewe, mama. Sema."

"Nataka mikutano yetu iwe saa sita mchana, ndege wakipumzika."

"Jua la saa sita, mama?"

"Jua tunalijua," alisema Agnella. "Tunachotaka ni kuja wenyewe."