Yai la Selwyn

Kilichoanza ni harufu ya yai la kukaanga, na Noreen hakuwa amekaanga kitu. Kikaango kilining'inia ukutani, kikavu. Alifungua dirisha, ukungu wa Lincolnshire, Uingereza, ukaingia, harufu isitoke. Ndani yake mlikuwa na petroli, na manyoya yaliyoungua.

"Noreen," baba yake akaita kutoka sebuleni. "Nani anakula?"

"Hakuna anayekula, Baba. Lala."

Wakati wa vita mzee Wilfred Cawkwell alikuwa mpiga bunduki wa mkiani katika ndege kubwa za mabomu. Siku ndege yake ilipoondoka isirudi, yeye alibaki kambini, sikio likimuuma. Bahati ya Mungu, kijiji kilisema. Sasa mchoraji mmoja alikuwa ameichora ndege ile ikipaa safari ile ya mwisho, akaleta nakala hamsini. Chini yake yalichapwa majina sita ya marehemu. La saba, la mkiani, liliachiwa pengo ili mzee, aliyebaki hai peke yake, atie sahihi kwa penseli, kama ilivyo desturi ya picha hizo.

Mzee alizitazama, akageuza uso. "Sitii sahihi. Si haki yangu."

Noreen alidhani ni ukaidi wa uzee. Alikuwa na nguo za kufua, dawa za kupanga, na mchoraji angekuja Jumamosi. Mzee aliposinzia, akakaa mezani jikoni akaandika mwenyewe, W. Cawkwell, mara hamsini. Sahihi hiyo alijua kuiiga tangu shuleni, alipokuwa akitoroka vipindi. Moja iliyotoka vizuri kuliko zote akaipeleka posta, iende kwa mdogo wake Clive, Australia.

Harufu ilianza kesho yake. Jumanne yai moja lilitoweka kwenye trei, na ganda halikuonekana. Jumatano alikuta sahani mezani, kiini kimeikaukia, uma umelazwa kando kwa adabu.

Alhamisi, wakati wa kifungua kinywa, alikuwa akizifunga zile nakala kwa karatasi alipoona kwamba kwenye mkia wa ndege, pale mchoraji alipoacha giza tupu, palikuwa na uso mdogo kama punje ya mchele, na kwenye nakala ya pili palikuwa na uso uleule, na ya tatu, na kila alipofunua nyingine uso ulikuwa umegeuka kidogo zaidi kumwelekea, hata akasikia buti nzito zikitoka upande wa mlango, polepole, zikasimama nyuma ya kiti chake, na baridi ikamshuka shingoni, na sauti changa, ya heshima, ikasema: "Samahani, mama. Langu liko tayari?"

Hakugeuka. Alikwenda sebuleni akishika kuta.

"Baba," akanong'ona. "Kuna mtu jikoni."

"Ameulizia yai?"

Noreen akatikisa kichwa kukubali.

"Umeliandika jina langu, sivyo?"

"Nimeliandika."

"Mjinga wewe. Umerithi kwangu." Mzee akafumba macho. "Sikio halikuniuma, Noreen. Niliogopa tu. Nilimdanganya daktari, wakampa Selwyn Tapp kiti changu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa na utani wetu. Mayai yalikuwa adimu, tulipewa tu tukirudi kutoka safarini. Usiporudi, yai lako langu. Kila mtu alisema. Nami nikamwambia hivyo mlangoni, nimejishika sikio. Akacheka. Asubuhi sahani saba zilikuwa mezani. Nikala lake."

"Hukumwambia mtu?"

"Mama yake aliniandikia. Akanishukuru kwa kuwa rafiki wa mwanawe."

Noreen akasimama. Akampa mkongojo, akamshika kwapa, wakaenda jikoni. Akakaanga yai moja kwa mafuta ya nguruwe, akaliweka mbele ya kiti kitupu.

"Selwyn," mzee akasema, "nilidanganya. Yai ni lako. Kiti pia ni chako."

Noreen akachukua kifutio. Nakala arubaini na tisa: akafuta jina la baba yake, akaandika S. Tapp, akachukua nyingine. Alipomaliza ya mwisho, buti zilitoka kwa mlango wa nyuma, na mbwa wa jirani akalia. Sahani ilikuwa nyeupe kabisa. Usiku ule mzee alilala bila kidonge. Jumapili aliwaambia watu wote kanisani. Wengine hawakumpa mkono.

Wiki mbili baadaye simu ya jikoni ililia.

"Dada, picha imefika," Clive akasema. "Nimeitundika sebuleni. Lakini sijui hapa kuna nini, nyumba nzima inanuka yai. Mke wangu hata hapiki mayai." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hivi, sahihi hii ni ya mzee kweli?"

Kupitia mlango Noreen akamtazama baba yake sebuleni, amesinzia na uso umetulia. Kusema "ifute" lingekuwa neno moja tu. Lakini baada yake angeulizwa kwa nini, na nani aliandika.

"Ni yake," akasema.

Nyuma yake, kwenye jiko lililozimwa, mafuta yakaanza kuchachatika.