Tarakimu Nyekundu

Sogeeni, majirani, nanyi msio majirani ila mnalipa umeme kama sisi. Najua mnasema nikisimulia habari za kuku, kuku huota pembe. Leo sina haja ya pembe. Mambo haya yana ubaya wa kutosha bila msaada wangu.

Nyuma ya nyumba ya Mheshimiwa kuna vyumba viwili vya kupanga. Mheshimiwa si mbunge wala hakimu. Ni mwenye nyumba tu, tunamwita hivyo kwa sababu ukimwita vingine haitiki. Katika vyumba hivyo alikuwa akiishi Mshonaji na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi. Asubuhi zao zilikuwa za kutamanisha. Binti anakanyaga cherehani ya miguu, mama ameketi mlangoni anapachika vifungo, redio inanong'ona. Umeme wao ulikuwa wa taa, redio, na kifriji kidogo mno, ukiweka tikiti maji lazima utoe rafu. Ndani yake hakukuwa na soda wala nyama. Kulikuwa na dawa ya Bibi ya kisukari, ile ya sindano, ambayo ikikaa kwenye joto inakuwa maji matupu. Kwa hiyo friji likizimika, ni Bibi anayezimika. Hilo mlishike.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tukisomewa mita. Mita ya Mshonaji ilikuwa ukutani, ndani ya ua, na uani kuna mbwa wa Mheshimiwa. Mbwa yule nimemwona kwa macho yangu akitafuna tairi la baiskeli huku mwenye baiskeli akimwomba radhi. Msoma mita, mtu wa kampuni ya umeme, hakuthubutu kuingia. Alikuwa anasimama nje ya geti na kupaza sauti: "Nyumba ya nyuma, namba!" Bibi naye anasogea ukutani, anasoma, anapaza sauti. Jamaa anaingiza namba kwenye kimashine chake, anakwenda zake. Tulicheka, tukaona ndiyo maendeleo.

Mwezi mmoja Msoma mita akaja Bibi yuko kliniki na binti yake. Mheshimiwa akainuka kibarazani na kujibu yeye. Jioni akawasubiri getini.

"Leo nimewasomea mita," akasema. "Na nimesoma kwa ukamilifu, siyo kubabaisha kwenu."

"Ahsante, Mheshimiwa," Mshonaji akamjibu.

Ukamilifu! Mita zile zina tarakimu nyeusi, kisha mwishoni kabisa iko moja nyekundu. Ile nyekundu ni kipande tu cha uniti, haisomwi. Bibi alilijua hilo, hata mbwa nadhani alilijua. Mheshimiwa akaisoma. Mia nne na kumi na mbili ikageuka elfu nne mia moja ishirini na saba.

Bili ilipoingia kwenye simu ya Mshonaji, mfuko wa gauni ulichanika kwa uzito. Haya, simu haikuchana mfuko, lakini mwenye gauni aliketi chini barabarani. Alipopata nguvu akaenda kwenye mita, akalinganisha namba, na papo hapo akaliona kosa. Naomba mlielewe hapa. Hapakuwa na fumbo lolote. Mtu mwenye macho alihitaji kugeuza shingo tu.

Kesho yake akaenda ofisini. Nilikuwa kwenye foleni hiyohiyo nikilipa yangu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

"Kaka, namba ya mwisho ni ile nyekundu," akamweleza karani wa dirishani. "Imesomwa kwa makosa. Picha ya mita hii hapa."

Karani hakuitazama. "Mfumo unaonyesha mita yako ilisomwa na mtumishi wetu."

"Hakuingia ndani. Alisomewa kutoka getini."

"Unamsingizia mtumishi wetu?"

"Mwiteni basi mumuulize!"

Akaitwa. Akaja na kimashine chake kifuani, akitazama viatu vyake. Angesema ukweli, angefukuzwa kazi kwa kutoingia. "Niliingia," akasema. "Nilisoma mwenyewe."

"Na mbwa?" mimi nikauliza kutoka kwenye foleni.

"Mzee, wewe lipa yako," karani akanifokea. Kisha akamgeukia Mshonaji: "Dada, labda mna kiwanda huko nyuma hatukijui. Lipa kwanza sehemu, ndipo malalamiko yako yapokelewe."

Lipa kwanza ndipo usikilizwe! Mtu amekukanyaga mguu, anakudai nauli ya kuushusha wake. Mshonaji akalipa akiba yote ya nyumba, malalamiko yakapokelewa, na nadhani mpaka leo yamelala fofofo.

Akabaki na shahidi mmoja. Akapiga hodi kibarazani.

"Mheshimiwa, nakuomba twende ofisini. Useme tu kwamba siku ile ulisoma wewe, na nyekundu ukaijumlisha. Hawatakufanya kitu."

Mheshimiwa akakunja gazeti. "Mimi? Nikasimame mbele ya makarani niseme sijui kusoma namba?"

"Siyo hujui, baba. Ulikosea tu."

"Mimi sikosei. Kampuni haiwezi kuweka tarakimu ya bure. Imewekwa isomwe."

Alikuwa anajua. Nilimwona mwenyewe juzi yake ameinama mbele ya mita ile, kidole juu ya nyekundu, midomo ikimcheza. Alijua, akaamua heshima yake ina thamani kuliko friji la watu.

Mwisho wa mwezi Msoma mita akarudi getini. Bibi akamsomea vizuri kama siku zote: mia nne thelathini na moja. Mnaona kinachokuja? Mwezi uliopita elfu nne na zaidi, mwezi huu mia nne. Mtu mwenye akili angesema, kumbe tulikosea. Ofisi ikasema mita imerudi nyuma, na mita hairudi nyuma ila imechezewa. Mshonaji, aliyekuja kudai haki, akawa mwizi wa umeme.

Wakaja mafundi wa kukata. Na hapa damu yangu huchemka kila nikisimulia. Kusoma mita walimwogopa mbwa. Siku ya kukata walimletea nyama! Kipande kinono, nisingekikataa mwenyewe. Mbwa akala, akalala, nao wakaingia kama wenye kwao.

"Wanangu," Bibi akawaambia, "mko mbele ya mita. Hebu isomeni."

"Bibi, sisi ni wa kukata, kusoma kuna watu wake," mmoja akajibu. Wakaing'oa mita ukutani, wakaondoka nayo ikapimwe.

Friji likanyamaza. Mheshimiwa, labda roho ilimsuta, akajitolea: "Leteni dawa ya Bibi muiweke kwenye friji langu." Tukamsifu. Lakini ukiweka dawa nyumbani kwa mtu, unamwona kila siku, asubuhi na jioni, na kila Mshonaji alipoingia alimtazama usoni. Mheshimiwa hakuyaweza macho yale. Jumamosi akafunga mlango mkuu kwa kufuli, akaenda kwa wakweze bila kuaga mtu. Ufunguo mfukoni, simu imezimwa, dawa ndani.

Mshonaji akagonga mpaka vidole vikavimba. Kliniki ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, na pesa ya duka la dawa ilikuwa imelala ofisi ya umeme. Tukachangishana, tukazunguka maduka, dawa ile hatukuipata. Jumapili Bibi alianza kuongea na watu ambao hawakuwepo. Tulipovunja mlango wa Mheshimiwa, tayari Bibi alikuwa hamtambui binti yake. Tukamkimbiza hospitali.

Jumatatu Mshonaji alitoka wodini akaenda moja kwa moja ofisini, kanga ya kulala imefungwa kiunoni. Nilimfuata mbio, na magoti yangu haya. Hakupanga foleni. Nyuma ya dirisha, juu ya meza ya karani, ilikuwa mita yake yenyewe, ina kibandiko cha namba ya nyumba.

"Kaka," akasema taratibu, na utaratibu ule ulinitisha kuliko kelele. "Isome."

"Dada, panga fo..."

"Isome, mama yangu yuko wodini! Isome kwa sauti!"

Foleni nzima ikasema, "Isome!" Karani akaivuta mita, akaona aimalize fujo.

"Mia nne thelathini na nne."

"Na ile ya mwisho?"

"Ipi?"

"Nyekundu."

"Ah, hiyo haisomwi, kila mtu anajua," karani akajibu.

Akalisikia neno lake mwenyewe likirudi kutoka kwenye kioo. Kisha mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu wangu, walijua," na ofisi ikalipuka. Meneja, ambaye siku zote yuko kikaoni, alitokea ndani ya muda ambao mtu hajamaliza kupiga chafya.

Bili ikafutwa siku hiyohiyo. Mita ikarudishwa, mbwa akaletewa nyama tena. Na ujumbe ukaingia kwenye simu: "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

Usumbufu! Bibi aliipata akili yake tena, lakini jicho la kushoto halioni na vidole vyake havishiki sindano. Mbu ndiye usumbufu. Huu una jina lingine. Msoma mita alihamishiwa mtaa usio na mbwa. Mheshimiwa alirudi, akauliza kwanza ni nani atalipa mlango wake. Mshonaji alimjibu kwa kuhama, na tangu hapo vile vyumba viwili havijapata mpangaji, kwa sababu kila anayekuja kuuliza hupitia kwangu kwanza.

FUNZO

Kukosea namba ni jambo la dakika moja, na Bibi hakuumizwa na kosa hilo. Aliumizwa na watu watatu waliojua na wakanyamaza: mmoja akilinda kazi yake, mmoja akilinda dirisha lake, mmoja akilinda heshima yake. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, ungali unaweza kulipia kosa lako wewe mwenyewe. Ukingoja, atalilipia mwingine, na huenda akalilipia kwa jicho. Nawe unayekaa nyuma ya dirisha la ofisi yoyote, mtu akikuambia "tazama", geuza shingo utazame. Unalipwa mshahara kwa ajili hiyo.