Boya Lililombana Pandikizi

Ndugu zangu, Jumamosi ile nyumba ya kinyozi wetu iliamka kwa raha. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa barazani akipinda pindo la gauni la mteja. Binti yao wa miaka saba alikuwa akipuliza chai. Mwenyewe alikuwa akifunga ndoano huku akipiga mluzi.

Kinyozi huyu tunamwita Pandikizi, kwa sababu akisimama mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, walio ndani huwasha taa. Wiki nzima husimama juu ya vichwa vya watu, na kiuno humuuma. Pumziko lake ni kuvua samaki bwawani. Siku hiyo alitaka kununua boya la kukalia, lile lililo kama kiti kilichozungukwa na mpira wa hewa: unakaa katikati, miguu inaning'inia majini, unajisukuma kwa mapezi unayovaa miguuni.

Tulikwenda dukani sote: yeye, mkewe, binti, shemeji yake mchomeleaji vyuma, na mimi jirani yao. Muuzaji, mama mmoja mtaratibu, akamuuliza, "Kaka, una kilo ngapi?"

Duka lilikuwa limejaa. Mteja mmoja akadakia, "Muulize ana tani ngapi!"

Tukaangua kicheko. Nami nilicheka, sikatai. Pandikizi akacheka pamoja nasi, lakini jasho lilikuwa limemtoka usoni.

"Themanini," akajibu.

Kilo zake zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Mkewe akamtupia jicho.

Muuzaji akaleta boya jekundu, jembamba, linalong'aa. "Hili mwisho wake kilo tisini. Lakini likalie kwanza, kaka. Dakika kumi tu. Usikie kama ukanda wa katikati ya mapaja unakubana, na mgongo unaegemea wapi. Lile la kijivu ni pana zaidi, ukitaka..."

"Lile kochi la wagonjwa? Hapana."

Mkewe akamsogelea, akanong'ona, "Mume wangu, hata suruali hununui bila kuijaribu. Likalie, nakuomba."

"Unataka wanicheke tena? Mama, nifungie hilo jekundu. Na jaketi la kuelea la saizi hiyo hiyo."

Saa nne tulikuwa bwawani. Maji yalikuwa yametulia. Shemeji alitangulia na boya lake kuukuu, pana kama kitanda. Pandikizi akamfuata; jaketi lake halikufungika kifuani, akaliacha wazi. Alipokaa tu, boya likazama mpaka maji yakamfika juu ya kitovu.

"Shemeji, mbona umezama hivyo?" mchomeleaji akamuuliza.

"Ndivyo lilivyo. Wewe vua samaki wako."

Ukanda ulianza kumkata mapajani mapema, alituambia baadaye. Akajigeuza huku, akajigeuza kule. Angeweza kurudi, lakini aliona haya kutoka majini mikono mitupu. Saa nzima ikapita hivyo. Miguu ikamfa ganzi.

Ndipo upepo ukavuma.

Bwawa lile lina ukuta wa zege upande mmoja, na chini ya ukuta kuna lango la kutolea maji. Maji ya hapo huvuta. Tuliliona boya jekundu likienda huko, polepole kwanza, kisha si polepole tena.

"Piga miguu!" shemeji akapaza sauti.

"Siisikii! Shemeji, miguu siisikii!"

Boya likainamia nyuma. Maji yakamfika kifuani. Binti akanishika mkono. "Baba anacheza?" Nikamvuta mbali na maji.

Mkewe alikwisha kuondoka. Alikimbia juu ya ukuta, akaichomoa kamba ya uokoaji kwenye nguzo yake, akarusha. Ikaanguka mbali. Akaivuta, akarusha tena. Shemeji, aliyekuwa amepiga mapezi mpaka pumzi inamkatika, akaidaka, akamfikia mwenzake.

"Kilo ngapi? Sema kweli, nijue kama boya langu litatubeba!"

"Mia na kumi na mbili! Nilidanganya!"

"Basi kumbatia boya langu, usilipande! Shika kwa mikono yote miwili!" Akaufunga mwisho wa kamba kwenye boya lake, akachomoa kisu cha samaki, akaukata ule ukanda. Boya jekundu likaruka, likavutwa langoni, tukalisikia likipasuka. Nikakimbilia ukutani; mimi na mke wa Pandikizi tukavuta kamba tukitembea juu ya ukuta, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni mwa bwawa.

Alipona, ndiyo. Lakini mishipa ya mguu wa kushoto ilikuwa imeminywa, na kwa miezi miwili alikokota unyayo. Kibanda cha kunyolea kikafungwa. Mkewe akashona nguo za watu mchana kutwa, mgongo ukampinda. Na yule binti alikataa kuoga kwenye beseni. Alitaka maji ya kumwagiwa kwa kikombe, na mama yake amshike.

FUNZO

Wasomaji wangu, kifaa cha majini hakinunuliwi kwa macho. Kikalie kwanza, kaa mpaka uchoke, usikie kinapobana na kinapoachia. Ukiulizwa uzito wako, taja uzito wako. Maji hayana heshima ya kukupunguzia. Na ukibanwa, rudi mapema, hata bila samaki.

Hilo ni la mnunuzi. Letu sisi wengine ni zito zaidi. Mtu yule hakuzaliwa mwongo. Aliulizwa swali la kumlinda, na kicheko chetu kikamfanya alikimbie. Yule mama muuzaji alikuwa na haki ya kupata jibu la kweli, na sisi tulitakiwa jambo moja tu dukani mle: kunyamaza.