Kisanduku cha Roketi Kilichomponza Mama

Nina miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa chuo kimoja Juja.

Timu yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na mchumba wangu Muriithi. Tulikuwa tunatengeneza jaribio la mashindano ya wanafunzi: kisanduku chenye hamira hai, kipandishwe na roketi hadi ukingoni mwa anga kisha kirudi chini. Tulitaka kujua hamira hufanya nini vitu vikikosa uzito. Hamira ya mandazi tu... nani angeiogopa?

Jumamosi moja Muriithi alinipa kisanduku nikakijaribu nyumbani Ruiru, nione kama kitastahimili mtikisiko. Kikapasuka mezani. Mama akachukua kitambaa, akapangusa majimaji yaliyomwagika. Alikuwa amejikata kidole akikatakata mboga za sukuma.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni. Homa ikapanda, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki.

Mimi na jirani tulimkimbiza hospitali Thika. Daktari akauliza alishika nini, nikasema hamira iliyokuwa kwenye kisanduku chetu. Dawa walizompa hazikusaidia. Daktari akanivuta kando.

"Hamira haifanyi hivi. Nani mwingine anajua kilichokuwa ndani?"

Muriithi hakuwa anashika simu. Nikamfuata kwake Juja. Nilipomweleza hali ya mama, alikaa kitandani bila kunitazama.

"Nilibadilisha," akasema. "Niliweka bakteria wa vidonda, niliwatoa maabara ya chuo. Majaji wangeona hamira ni mchezo wa watoto."

"Na ukaniacha nibebe?"

"Sikujua kitapasuka."

Nilimpigia daktari palepale, nikamshikisha Muriithi simu ataje bakteria hao kwa jina. Kisha nikarudi Thika nikiomba njia nzima, nikiogopa kuingia wodini nikute kitanda kitupu...

Dawa zilibadilishwa, mama akapona. Lakini kidole chake cha mkono wa kulia kilikatwa. Uchumba uliishia hapo, na mashindano pia.

Wanafunzi wenzangu, nawasihi. Msipeleke kitu cha maabara nyumbani kwa sababu mmeambiwa ni salama na mtu mnayempenda. Kipimeni wenyewe. Mimi nilimwamini Muriithi, na aliyeumia ni mama.

Siku hizi anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Akinikuta nikimtazama, huniambia, "Wacha kulia, mwanangu. Njoo unisaidie hiki cha juu."