Sweta ya Mikono Mirefu

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Chesang, Desemba iliyopita, tukipukuchua mahindi. Kila mara alikuwa akiacha kupukuchua, anatazama mikono yake, halafu anaendelea.

Chesang hufuma masweta mjini Kitale. Shafti ya mashini yake, ule mhimili unaoizungusha, ilivunjika, akaipeleka Bungoma siku ya soko, kwenye karakana iliyojaa watu na kelele. Alivaa rinda la njano, wanaume wote wakageuka, isipokuwa fundi Wakoli. Yeye alikuwa ameinamia ile shafti, anaipima unene kwa kalipa.

"Si uniangalie mimi pia? Ama niko na kutu?"

"Ngoja, mrembo. Nikikosea unene wa unywele tu, haitaingia."

Akafunga chuma kipya kwenye leth, ile mashini ya kuchonga. Chuma kikazunguka, kisu kikakikwangua, nyuzi za chuma zikatoka zikifuka moshi. Chesang akanyoosha mkono ashike mmoja. Wakoli akamdaka.

"Wee! Hizo zinakata. Unaona kile kitufe chekundu? Hii kitu ikinishika, bonyeza kwanza, lia baadaye."

Chesang alicheka. Wakoli hakucheka.

Simu zikaanza, asubuhi na jioni. Mvua zilipokuja, Chesang akamfumia sweta ya rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu.

"Umevaa, dear?"

"Nimevaa."

"Hata kazini?"

Leth ilisikika ikinguruma nyuma yake.

"Hata kazini."

Alidanganya. Karibu na leth haivaliwi mikono mirefu, lakini aliona vibaya kumvunja moyo.

Kisha Chesang akamtembelea bila kumwambia. Akamkuta mikono wazi, sweta inaning'inia msumarini.

"Ati hata kazini! Unaona aibu watu wajue uko na mtu?"

"Chesang, hapa mikono mirefu—"

"Basi nirudishie yangu. Niende."

Wakoli akaona machozi. "Usiende, bana." Akaivaa, akakunja mikono mpaka viwikoni. "Nimalizie hii moja, twende chai."

Chesang akatabasamu. Tabasamu hilo, aliniambia, kama angeweza, angelikwangua usoni mwake.

Akawasha leth, akainamia kazi, mkono mmoja wa sweta ukakunjuka. Uzi wa chuma ukanasa uzi wa sufu. Hakukuwa na kelele. Sufu ilivutwa tu, haraka, na Wakoli akainama kuelekea mashini kama anayeinong'oneza.

Chesang akabonyeza. Kisha akalia.

Mkono wa kulia wa Wakoli ulibaki na vidole vitatu.

"Ningekuambia ukweli," Wakoli alisema hospitalini.

"Na mimi ningekuuliza vizuri."

"Sasa utanikubali hivi?"

"Si pete inavaliwa ule mwingine?"

Wakoli akacheka kidogo, dawa ikamchukua, akalala mchana huo huo. Chesang akatoa mkasi na ile sweta mkobani, akakata mkono wa sweta uliobaki, juu ya kiwiko. Akaanza kuufumua, akiviringa sufu taratibu. Juu yao feni ilikuwa ikizunguka, ikinguruma.

"Nesi," akaita, "tafadhali zima hiyo."

Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Akangoja kwanza, aone kama imesimama kweli. Ndipo akaweka kichwa kitandani, kando ya bandeji, akalala.