Vipimo vya Jumapili

Tangu kiangazi nilikuwa nikisoma mistari aliyoiandika mke wangu bila kutazama tarehe zake. Nakiri hilo mapema, kwa sababu kusoma ndiyo kazi yangu: hapa Lewiston, kwenye meza ya jikoni, nageuza maandishi ya hospitali kuwa misimbo ya kudai malipo ya bima. Claudine ni muuguzi wa vidonda katika hospitali hiyohiyo. Ana kifaa cha mkononi kinachopima unyevu chini ya ngozi ya kisigino, na kutoa onyo siku kadhaa kabla kidonda cha mgandamizo, kile cha kulala sana kitandani, hakijaonekana kwa macho. Kipimo hicho hakikuwa na msimbo, nami nilikuwa nikikiruka.

Oktoba mosi msimbo wake ulianza kutumika, na ikanilazimu kuandika kila kipimo na siku yake. Jumapili. Jumapili nyingine, na jina la Claudine kando yake. Siku zilezile ambazo Claudine huniaga kwamba anakwenda Biddeford kwa dada yake, Jeannine.

Nikamwandikia Jeannine: "Jana mlishindaje na Claudine?"

Jibu likaja upesi: "Claudine yupi, shemeji? Sijamwona tangu Julai. Kuna nini huko?"

Claudine alirudi saa kumi na moja jioni, akaketi mlangoni kuvua viatu vya kazi.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Nani ndiye nani?"

"Huyo unayemfuata hospitalini kila Jumapili, huku ukinidanganya uko kwa dada yako."

Akacheka kicheko kikavu. "Ana miaka tisini na mmoja, Normand. Visigino anavyo viwili, meno hana hata moja. Haya, mwonee wivu."

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Naziomba mwenyewe zamu za Jumapili. Hakuna mwanamume."

"Basi umenichoka."

"Ona sasa! Ukimwandikia daktari swali juu ya maandishi yake, unaruhusiwa kumwekea jibu mdomoni?"

"Hapana. Huo ni mwiko."

"Na mimi je? Miaka ishirini na sita unauliza na kujijibu. 'Umechoka tu, sivyo? Uko sawa, sivyo?' Nikifungua mdomo, wewe umesharudi kwenye kompyuta."

Akashika kiatu kimoja, akakitazama kana kwamba si chake.

"Niulize kama unavyowauliza madaktari. Ama kesho nitakwenda kwa Jeannine kweli, na sitarudi."

Nikavuta kiti. Kwetu sisi waandika misimbo, swali hutaja kilichoandikwa, kisha hungoja.

"Rekodi inaonyesha kwamba Jumapili unakuwa hospitalini, si nyumbani. Tafadhali eleza."

Akakiweka kiatu chini, sambamba na mwenzake.

"Yule mgonjwa mzee, nikimshika mguu kumpima, ananiuliza nimekula nini. Halafu ananyamaza, bwana. Anangoja nimjibu. Hapa tunapasha moto maharage yaliyobaki Jumamosi, tunakula, unainuka."

Jibu nilikuwa nalo tayari, zuri, lenye sababu tatu. Nikalimeza.

"Na kingine?"

"Kingine nimechoka, mume wangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Hata huo uongo umenichosha."

Nikangoja. Akaendelea kuzungumza mpaka chai niliyomtilia ikapoa, nami sikuinuka.

Hakwenda Biddeford. Siku hizi hufanya zamu ya Jumapili moja kwa mwezi, na huniaga kwa kutaja anakokwenda. Mimi Jumapili siifungui kompyuta.