Chupa Nyuma ya Debe la Unga

Mimi ni nesi. Nakaa jirani na Mama Sabuni, ukuta kwa ukuta. Akikaanga pilipili kwake, mimi huku napiga chafya. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki nilielezwa na wenyewe, wakilia.

Kila likizo ya mwisho wa mwaka kanisa letu hufanya maonyesho ya kazi za mikono. Ukumbi hujaa meza. Huku vitambaa vya kufuma, kule vikapu, mishumaa, kadi na sabuni. Meza inayopendeza kuliko zote hupewa nafasi ya mlangoni mwaka unaofuata. Utacheka, lakini nimeona watu wazima wakinuniana mwaka mzima kwa ajili ya nafasi hiyo. Mama Sabuni alikuwa ameishikilia muda mrefu. Sabuni yake ilikuwa ngumu, nyeupe, na ilitoa povu hata kwenye maji ya chumvi.

Kisha wifi yake akarudi nyumbani. Ndoa ilikuwa imemshinda, akaja kwa kaka yake na begi moja. Mama Sabuni alimpokea vizuri. Akamlaza chumba kimoja na binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka minne. Sisi tulimwita Kitinda. Kitinda na shangazi yake wakawa chanda na pete.

Mambo yalikuwa shwari mpaka siku Wifi aliposema, "Na mimi mwaka huu nitaweka meza. Nitatengeneza sabuni."

"Sabuni?" Mama Sabuni akaacha kufagia. "Kazi zote za duniani, wifi, umeona sabuni tu?"

"Kwani sabuni ni ya baba yako?"

Tangu siku hiyo hawakupikika chungu kimoja. Na jiko lilikuwa hilohilo moja.

Sasa nisikilizeni. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na kostiki. Kostiki ni dawa kali, nyeupe kama chumvi. Ukiitia kwenye maji, maji hupata moto yenyewe, na lazima yaachwe yapoe kabla ya kuchanganywa na mafuta. Ukiyatazama, ni maji tu. Lakini yanaunguza nyama ya mtu.

Mama Sabuni alikuwa na ndoo maalumu, yenye mfuniko. Mwaka ule hakutaka kuiacha nje. Wifi angechungulia, angejua kipimo chake. Kwa hiyo maji ya kostiki yalipopoa aliyamimina kwenye chupa tupu ya soda. Akaificha nyuma ya debe la unga, akaenda kanisani kupanga meza.

Wifi akarudi kutoka sokoni na Kitinda, jua linawaka.

"Shangazi, nina kiu," Kitinda akasema.

Wifi akasogeza debe ili afikie kikombe. Akaiona chupa. Baadaye aliniambia, "Nesi, moyo uliniuma. Nikasema, loo! Hata soda wananificha? Mimi nimekuwa mwizi?"

Akafungua kwa hasira. Akamimina kikombeni, akampa mtoto kwanza. "Kunywa, mwanangu. Mama yako mchoyo."

Ukelele ule ulipenya ukutani. Nilitoka mbio bila viatu. Nilimkuta Wifi amemwinamisha mtoto, anataka kumtia kidole kooni. Jirani mwingine anakuja na maziwa.

"Acha! Usimtapishe!"

"Nesi, amekunywa sumu!"

"Imemuunguza ikishuka. Ikirudi itamuunguza mara ya pili. Na hayo maziwa yarudishe. Usimpe maziwa, wala mafuta, wala ndimu. Lete maji safi."

Nikamsuuza mdomo na kidevu, nikamwambia ateme. Nikamvua gauni, maana lilikuwa limelowa, na kostiki huendelea kuunguza ngozi. Nikamwosha kifua kwa maji mengi.

"Chukua chupa," nikamwambia Wifi. "Daktari lazima aone alichokunywa. Twende!"

Mama Sabuni alitukuta hospitali, vumbi la ukumbini bado liko mikononi. Alipoiona chupa mkononi mwa Wifi, alikaa sakafuni.

"Kwa nini kwenye chupa ya soda?" Wifi akauliza. "Kwa nini, wifi?"

"Nilikuwa nakuficha wewe."

"Mimi nilidhani unaninyima."

Nilitaka kuwazaba vibao wote wawili, halafu niwakumbatie. Sikufanya lolote. Nilikaa nao mpaka daktari akatoka.

Mtoto alipona. Nasema alipona kwa kuwa yu hai. Lakini koo lake lilifanya kovu, na njia ya chakula ikawa nyembamba. Kila mara hurudishwa hospitali ipanuliwe kwa mpira unaoingizwa kooni. Chakula chake ni uji mwepesi na mchuzi uliochujwa.

Nilimwendea mchungaji. Nikataka niseme na watu siku ya maonyesho.

"Nesi, ile ni siku ya furaha," akanijibu. "Tusiwatie watu simanzi. Tungoje likizo iishe."

"Mchungaji, mwaka huu meza za sabuni ni saba. Kostiki yake iko wapi sasa hivi? Iko majumbani! Na watoto wote wako likizo!"

Akasema, "Basi sema. Lakini kwa ufupi."

Nilisema kwa ufupi. Kostiki isitiwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Ikae kwenye chombo chake, kimeandikwa na kuchorwa alama ya hatari, kimefungwa kabatini kwa kufuli. Unapochanganya, vaa glavu na miwani, fanyia nje, na watoto wawe mbali. Tia kostiki kwenye maji. Usitie maji kwenye kostiki, yatakurukia usoni. Changanya ya kutumia siku hiyo tu. Nilipomaliza, wengine walirudi kuchagua vikapu. Lakini wanawake wa sabuni walibaki wamesimama.

Mwaka uliofuata kanisa lilijenga banda nyuma ya ukumbi. Kostiki yote hukaa humo, chini ya kufuli. Hakuna anayechanganya nyumbani, wala peke yake. Vipimo vimebandikwa ukutani, kila mtu anaviona. Mama Sabuni ndiye aliyeviandika, vyake vyote. Siku yake ya kuchanganya, mwenzake ni Wifi. Hufanya kazi bila maneno mengi, wamefunika nyuso zao.

Siku ya maonyesho yaliyofuata mchungaji alipita mezani kwao. Walikuwa na meza moja, pembeni. Kitinda alikuwa mapajani kwa shangazi yake, anawatazama watoto wenzake wakila mikate.

"Hongereni, akina mama," mchungaji akasema, amefurahi kwelikweli. "Tangu banda lijengwe, hakuna hata mtoto mmoja aliyeungua."

Mama Sabuni alikuwa anafunga mche wa sabuni kwenye karatasi. Akaukabidhi kwa mnunuzi, akashukuru. Ndipo akamgeukia mchungaji.

"Ni kweli, mchungaji," akasema. "Wangu amewatosha."